VIPURI VYA MITAMBO ILIYOONDOLEWA KAZINI
Istilahi za manowari na za vichwa vya treni

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri wetu ni ile ya kutafsiri maelezo ya mitambo ambayo haitengenezwi tena. Maelezo ya namna hiyo aghalabu huwa na mambo mawili. La kwanza ni historia ya mtambo: ulibuniwa lini, kwa kazi gani, na uliondolewaje kazini. La pili ni vipuri vyake: ni sehemu zipi zinazopatikana bado, na kutoka wapi. Maandishi yahusuyo manowari za kale za kuangamiza ni mfano mzuri. Mfasiri aliyeko Iringa au Mbeya akikabidhiwa maandishi hayo huenda akadhani kwamba hana pa kuanzia, kwa kuwa Nyanda za Juu Kusini ziko mbali na bahari. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Maneno anayoyahitaji yako karibu naye, katika reli ya TAZARA na katika gereji za barabara kuu iendayo Zambia. Linalotakiwa ni kuyapambanua na kuyatumia kila moja mahali pake.

Aina na jamii

Tuanze na neno manowari. Neno hili limeingia katika Kiswahili kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mtu wa vita", na sasa ni neno letu kamili: ni meli ya vita, iwe kubwa au ndogo. Chini yake ziko aina mbalimbali, na moja ya aina hizo huitwa na Waingereza kwa neno lenye maana ya "mharibifu". Hapo ndipo wafasiri wengi hujikwaa. Ukiandika "mharibifu" peke yake humwelezi msomaji kitu, maana manowari zote kazi yake ni kuharibu. Historia ndiyo inayofafanua jina hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 zilitokea mashua ndogo za kasi zilizobeba topido, yaani kombora liendalo ndani ya maji, nazo zikawa hatari kwa meli kubwa. Kwa sababu hiyo zikabuniwa manowari nyepesi, zenye kasi, za kuziangamiza mashua hizo. Jina lao la kwanza lilikuwa refu na lilitaja kile kinachoangamizwa. Baadaye lilikatwa, likabaki neno la mwisho tu. Kwa hiyo tunapendekeza manowari ya kuangamiza, na pale ambapo historia yenyewe inasimuliwa, mfasiri ataje mara moja kwamba kilichokusudiwa kuangamizwa ni mashua za topido.

Baada ya aina huja mgawanyo wa pili ulio mgumu zaidi. Manowari zilizojengwa kwa ramani moja huhesabiwa kuwa kundi moja, na kundi hilo kwa kawaida hupewa jina la meli ya kwanza. Je, kundi hilo tuliiteje? Tumekwisha kuona majaribio kadhaa. Darasa halifai, kwa kuwa ni mahali pa kufundishia. Tabaka ni la watu katika jamii zao, au la vitu vilivyolaliana. Daraja huonyesha cheo au ubora, kama abiria wanavyosafiri daraja la kwanza au la tatu. Msomaji akiambiwa "manowari za daraja la Fletcher" atadhani kwamba Fletcher ni kiwango cha ubora. Ngeli tumekwisha kuipa kazi katika sarufi, na si vyema kuibebesha mzigo mwingine. Aina nayo tumeitumia juu. Sisi tunaona kwamba neno jamii linafaa, kwa sababu lina maana ya vitu vyenye asili moja. Kwa hiyo aina hutuambia mtambo ni wa kazi gani. Jamii hutuambia ulitoka katika ramani gani.

Faida ya kutofautisha maneno haya huonekana mara moja linapokuja suala la vipuri. Manowari za kuangamiza za jamii ya Fletcher zilijengwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nazo zilikuwa 175. Baada ya vita nyingi zilipewa nchi nyingine, na ya mwisho iliondolewa kazini huko Mexico mwaka 2001. Kwa muda wote huo pampu ya meli moja ya jamii hiyo iliweza kutafutwa katika meli nyingine ya jamii hiyo hiyo, hata kama bendera zao zilikuwa mbalimbali. Lakini pampu ya manowari ya kuangamiza ya jamii nyingine haikuwa na dhamana ya kufaa, ijapokuwa aina ni moja. Kipuri hufuata jamii, hakifuati aina.

Jamii mbili katika reli moja

Sasa tuje Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 1967 una nafasi ya pekee katika habari hii. Ndio mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge, na ndio mwaka ambao, tarehe 5 Septemba, Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi makubaliano ya kujenga reli ya kuiunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Njia ilifika Tunduma mwaka 1973 na Kapiri Mposhi mwaka 1975. Na reli ikakabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860. Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya kilomita 158 kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, hadi Makambako, ambapo njia hupanda zaidi ya mita 1,000 na kupita katika mahandaki 18 na juu ya madaraja 46. Makambako wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Njombe. Kutoka hapo reli huendelea kupita nyanda za juu hadi kilele chake huko Uyole, karibu na mji wa Mbeya, mahali palipo karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari.

Vichwa vya treni vilivyoanza kazi katika reli hiyo vilitoka China, katika kiwanda cha Sifang mjini Qingdao. Jamii yao iliitwa Dongfanghong, jina lenye maana ya "Mashariki ni nyekundu", nalo hufupishwa kuwa DFH. Vilikuwa vichwa vya dizeli-haidroliki. Katika kichwa cha namna hiyo injini ya dizeli huzungusha mapanga yaliyomo ndani ya chemba iliyojaa mafuta. Mafuta yakisukumwa na mapanga hayo huzungusha mapanga mengine yaliyoyaelekea, na haya ndiyo yanayopeleka nguvu kwenye shafti, kwenye gia, na hatimaye kwenye magurudumu. Vichwa hivyo vilielemewa na mizigo mizito katika mpando wa Mlimba. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 vililetwa vichwa vya jamii nyingine, vilivyojengwa na Krupp wa Ujerumani Magharibi kwa ramani ya General Electric ya Marekani. Hivi vilikuwa vya dizeli-umeme: injini ya dizeli huzungusha mtambo wa kuzalisha umeme, na umeme huo huendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli za magurudumu.

Jamii hii ya pili inaitwa U30C, na jina hilo lina funzo kwa wafasiri. Herufi U husimama kwa neno lenye maana ya "kwa matumizi yote"; tarakimu 30 huonyesha nguvu ya farasi 3,000; na C huonyesha kwamba kila fremu ya magurudumu ina ekseli tatu zinazoendeshwa. Jina la jamii, basi, si pambo. Haifai kulitafsiri wala kulifupisha zaidi. Liandikwe kama lilivyo, na maana yake ielezwe mara moja katika utangulizi wa maandishi.

Msomaji ataona sasa kwamba vichwa vya DFH na vya U30C ni vya aina moja kwa kazi, kwa kuwa vyote huvuta mabehewa katika njia kuu, lakini ni jamii mbili mbali kabisa. Neno lile lile la kawaida, "mfumo wa kupeleka nguvu", katika jamii moja lina maana ya chemba ya mafuta na mapanga, na katika jamii nyingine lina maana ya nyaya na mota. Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa bohari anapokea hati iliyoandikwa: "Sehemu ya mfumo wa kupeleka nguvu, moja, ya kichwa cha zamani." Kwa sarufi hati hiyo haina kosa. Lakini karani hawezi kuifanyia kazi. Hajui jamii, hajui sehemu gani ya mfumo, wala hajui kama anatakiwa kutoa kitu kipya au kilichofunguliwa katika kichwa kingine. Akikisia vibaya, kitu kisichofaa kitasafirishwa mamia ya kilomita, na treni yenye shehena itaendelea kusimama. Kwa hiyo udhaifu wa istilahi hapa si jambo la mapambo ya lugha. Ni hasara ya mali na ya muda wa watu.

Hali huzidi kuwa ngumu tukikumbuka kwamba upana wa reli ya TAZARA ni milimita 1,067, na ule wa Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1998 shehena huweza kuhamishwa kutoka reli moja hadi nyingine huko Kidatu, lakini behewa lenyewe haliwezi kuvuka na magurudumu yake. Ekseli ya reli moja hukaa bohari kama chuma tu mbele ya reli nyingine.

Sehemu, kifaa na kipuri

Maneno haya matatu huchanganywa sana, hata katika barua za serikali. Sehemu ni chochote kilichomo katika mtambo. Kifaa ni kitu cha kufanyia kazi, kama spana au jeki. Kipuri ni sehemu iliyotengwa ili ichukue nafasi ya nyingine iliyoharibika au iliyochakaa. Pistoni iliyomo ndani ya injini inayofanya kazi ni sehemu. Pistoni iliyomo ndani ya kasha bohari ni kipuri. Ikifungwa katika injini, inarudi kuwa sehemu. Watu wa gereji husema spea, na hatuoni sababu ya kuwakataza. Lakini katika maandishi rasmi kipuri linatosha na lina wingi wake bila taabu.

Mtambo ukisha kuondolewa katika viwanda vya mtengenezaji, neno kipuri peke yake halitoshi tena. Hapana budi kutaja kimepatikana vipi. Hapa tunapendekeza istilahi nne. Kipuri asilia ni kile kilichotengenezwa na kiwanda chenye ramani yake. Kipuri mbadala ni kile kilichotengenezwa na mwingine kwa vipimo hivyo hivyo. Kipuri cha kunyofoa ni kile kilichotolewa katika mtambo mwingine wa jamii hiyo. Kipuri cha kuchonga ni kile kilichotengenezwa na fundi mwenyewe kwa kufuata mfano wa sehemu ya zamani.

Neno kunyofoa linastahili maelezo. Lugha nyingine hutumia kwa kazi hii neno la kula nyama ya mtu, nasi hatuna haja ya kulifuata. Kunyofoa ni kutoa kipande katika kitu kizima, na ndilo neno litumikalo kwa magari yaliyotolewa vitu vyake. Historia yetu ina mfano maarufu. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa ya kwanza katika jamii yenye jina hilo, ilijificha katika maji ya Rufiji mwaka 1914. Sehemu za mitambo yake zilizoharibika zilikokotwa na watu kwa njia ya nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam ili zitengenezwe, kisha zikarudishwa. Manowari hiyo ilizamishwa mwezi Julai 1915, lakini mizinga yake 10 ilinyofolewa, ikafungwa kwenye magurudumu, na ikapiganishwa bara. Meli ilikwisha, sehemu zake zikaendelea na kazi ambayo mbunifu wake hakuifikiria.

Ama kuhusu kuchonga, hapa Kiswahili hakina umaskini. Tunayo maneno kusubu, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu. Kufua, yaani kukipiga kikiwa moto. Kukereza, yaani kukichonga kikizunguka katika kerezo. Na kulehemu, yaani kuunga vipande kwa moto. Mfasiri asiandike "kutengeneza" kwa kazi zote nne, kwa maana kipuri kilichosubiwa na kipuri kilichofuliwa havina nguvu sawa hata kama vinafanana kwa umbo. Tukumbuke pia kwamba kazi ya chuma si ngeni katika nyanda hizi. Wanyiha wa Mbozi na Wakinga wa milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa walijulikana kwa uhunzi muda mrefu kabla ya reli.

Ngazi za kuondoka kazini

Kosa jingine la mara kwa mara ni kusema kwamba mtambo "umestaafu". Mtu hustaafu, naye hupewa kiinua mgongo. Mtambo hauna haki hizo, wala neno hilo halimwambii mtunza mali hatua iliyofikiwa. Tunaziona ngazi tano, nazo hazifai kuchanganywa.

Mtambo mbovu ni ule wenye hitilafu, na unaweza kutengenezwa. Mtambo uliosimama hauna kazi kwa sasa, ama kwa kukosa kipuri, ama kwa kukosa mzigo. Madereva wa malori huko Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, wangesema uko juu ya mawe. Mtambo chakavu ni ule ambao gharama ya kuutengeneza inazidi faida yake. Mtambo ulioondolewa kazini ni ule ambao mwenye mamlaka ameamua kwamba hautatumika tena, ingawa bado ni mali na bado unaweza kunyofolewa. Mtambo uliofutwa umetolewa katika daftari la mali, na kilichobaki ni vyuma chakavu vya kuuzwa kwa uzito.

Tofauti kati ya ngazi ya nne na ya tano ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kichwa kilichoondolewa kazini ni bohari ya vipuri kwa ndugu zake wa jamii moja. Kichwa kilichofutwa na kuuzwa hakimsaidii yeyote isipokuwa myeyusha vyuma. Mfasiri akitumia neno la ngazi ya tano mahali pa ngazi ya nne, anaweza kumfanya ofisa asaini kuuzwa kwa kile ambacho fundi alikuwa anakitegemea.

Maneno yasiondolewe kabla ya vipuri

Tumesema mengi juu ya vitu. Tuseme machache juu ya majina yenyewe. Wakati wa ujenzi wa reli, Wachina, Watanzania na Wazambia walifanya kazi pamoja, na mengi yalifundishwa kwa vitendo kuliko kwa vitabu. Kwa hiyo majina mengi ya sehemu yalikaa vinywani mwa mafundi. Fundi aliyeingia kazini akiwa kijana mwaka 1975 sasa ni mzee. Mafundi hao wakiondoka, na vichwa vyao vikifutwa, maneno yao hayatapatikana katika ramani yoyote. Lakini haja ya maneno hayo haitakwisha upesi. Daftari za bohari, mikataba, hukumu za madai na vitabu vya historia vitayataja. Na reli yenyewe inaingia katika ukurasa mpya: mwezi Septemba 2024 nchi tatu zilitia sahihi mjini Beijing hati ya kuifufua, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina. Mitambo mipya itakuja na vitabu vyake, na ya zamani itaandikiwa hati za kuondolewa.

Tunawaomba basi walimu wa shule za ufundi, hasa walioko Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, wawatume wanafunzi wao kwa mafundi wazee wakaandike majina ya sehemu kama yanavyotamkwa, pamoja na kazi ya kila sehemu. Jina lisilokuwa na maelezo ya kazi yake halitatufaa. Jina lililokopwa, kama pistoni, ringi, gasketi au beringi, lisionewe haya ikiwa limekwisha kufuata matamshi yetu. Nao wafasiri tunawaomba washike kanuni moja katika kila orodha ya vipuri: wataje jamii ya mtambo, wataje sehemu na kazi yake, wataje kipuri kimepatikana vipi. Mwenye kufuata kanuni hiyo ataweza kutafsiri habari za manowari hata kama hajapata kuiona bahari.

Muhtasari wa istilahi zilizopendekezwa

Aina: kundi la mitambo yenye kazi moja.
Jamii: kundi la mitambo iliyojengwa kwa ramani moja.
Manowari ya kuangamiza: manowari nyepesi ya kasi, iliyobuniwa kwanza kuziangamiza mashua za topido.
Dizeli-haidroliki: yenye kupeleka nguvu ya injini kwa mafuta yanayosukumwa.
Dizeli-umeme: yenye kupeleka nguvu ya injini kwa umeme.
Kipuri: sehemu iliyotengwa kuchukua nafasi ya nyingine.
Kipuri asilia, kipuri mbadala, kipuri cha kunyofoa, kipuri cha kuchonga: kama ilivyoelezwa juu.
Kuondolewa kazini: kukomeshwa matumizi ya mtambo kwa amri ya mwenye mamlaka.
Kufutwa: kutolewa katika daftari la mali.